Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Baba

Nilisafiri kwa sababu ya wimbo ambao majirani zangu wa Ngamiani, Tanga, walikuwa wameuchoka kabisa. Baba yangu, mzee Yohana, karani wa reli, alipatwa na kiharusi mwaka mmoja baada ya kustaafu. Mguu ulipona, mkono ukapona nusu, lakini maneno yalikwenda yasirudi, na yalipokwenda yalichukua watu pamoja nayo. Mimi Debora, mwanawe wa pekee, niliyemlisha na kumvika shati kila asubuhi, alinitazama kama watu wanavyomtazama karani wa posta: kwa adabu, huku akingoja nimalize kazi yangu nimpishe.

Kilichobaki kwake ni wimbo mmoja. Haukuwa na maneno. Aliuvumisha puani, kuanzia chai ya asubuhi mpaka taa zinawashwa, akifika mwisho anaanza upya. Mama alikwisha fariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniambia ni wimbo gani. Mimi nilizaliwa pwani. Habari za milimani kwa baba nilizijua kwa kusimuliwa tu, na baba alisimulia kama alivyoandika vitabu vya reli, mistari michache iliyonyooka.

Jirani yetu, Bi Mwanahawa, ndiye aliyekata shauri. Alisimama uani kwake, mikono kiunoni.

"Debora, huo wimbo una kwao," aliniambia. "Mrudishe kwao, labda na mwenyewe atarudi. Na asiporudi, sisi huku angalau tutapata usingizi wa mchana."

Nikaomba likizo ya wiki mbili ofisini, nilikokuwa mpiga chapa. Kwenye fomu, mahali pa sababu, niliandika "matibabu ya mzazi". Sikuona haja ya kumweleza mkubwa wangu kwamba daktari mwenyewe ni wimbo.

Siku ya safari, alfajiri, tulipanda basi la Mombo. Baba alivaa koti lake la kazini na tai. Muheza alikula machungwa mawili, Korogwe akalala, na baada ya Korogwe akaamka kuendelea na wimbo pale alipouachia. Tulifika Mombo jua likiwaka, tukakaa chini ya upenu wa duka tukala mayai ya kuchemsha. Milima ilisimama juu yetu kama ukuta. Baba aliitazama muda mrefu, yai mkononi, hata nzi wakadhani wamepewa wao.

Mchana tukapanda basi la Lushoto. Walioipanda barabara ile wanaijua: kona baada ya kona, mwamba upande huu, upande wa pili hakuna kitu. Tulipokaribia Soni, hewa ikapoa, na wimbo wa baba ukapanda sauti. Haukuwa tena wa puani. Alikuwa akiuimba kwa "la la la", huku akigonga kiti cha mbele yake, kiti ambacho kilikuwa na mtu.

"Dada," utingo aliniuliza kwa upole, "mzee anamwita nani?"

Kabla sijajibu, bibi mmoja aliyejifunga kitambaa cha kanisani aligeuka, uso umemng'aa. "Onga mshi, baba!" alimwamkia baba kwa Kishambaa. Kisha akaniambia mimi, "Mwanangu, huo si wimbo wa kanisani? Tuliuimba tangu utoto." Akaanza kuuimba kwa maneno yake matakatifu. Wanawake wawili wa nyuma wakaingia sauti ya pili, mwalimu mmoja akaingia besi, na dakika moja baadaye nusu ya basi ilikuwa inamsifu Bwana huku nusu nyingine ikijishikilia viti.

Machozi yalinitoka. Nilifikiri: kumbe baba alikuwa akisali siku zote hizi! Nikamgeukia nione furaha yake. Baba alikuwa ameziba masikio. Alitikisa kichwa kwa hasira, vile alivyokuwa akitikisa alipokuta hesabu ya mtu mwingine haikai sawa. Nilidhani kona zimemchafua tumbo. Nikampa limau anuse.

Lushoto tulifika jioni, tukapata chumba nyumba ya wageni karibu na soko. Nilikuwa nimejitayarisha kwa baridi kama watu wa pwani wanavyojitayarisha, yaani kwa kusema tu kwamba kutakuwa na baridi. Nililala na nguo zangu zote pamoja na gazeti. Baba alilala kwa shati moja, dirisha wazi, akikoroma kama aliyefika.

Asubuhi ya siku ya pili tulipata lori lililokuwa limeshusha mboga na kupakia magunia ya unga kwa ajili ya duka la ushirika. Dereva, kijana mchangamfu, alimpa baba kiti cha mbele, akaniambia mimi na unga tutafahamiana. Tukapita msitu wa Magamba katika ukungu, tukapita Lukozi, na baada ya hapo barabara ikawa ya kufikirika zaidi kuliko ya kuonekana.

"Tuliambiwa itatengenezwa Uhuru ukifika," dereva alinipigia kelele kupitia dirisha la nyuma. "Nadhani Uhuru ulipita njia nyingine!"

Mtae tulifika alasiri. Mji umekaa juu ya ukingo, na ukisimama nyuma ya nyumba za mwisho unaona tambarare yote ya Mkomazi chini kabisa, na milima ya Upare ng'ambo. Kutoka pale mpaka kijijini kwa baba ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Jina la kijiji silitaji, kwa sababu wahusika wengi bado wako hai na baadhi yao wanajua kusoma.

Tanga, baba alikuwa hawezi kwenda msalani bila kushikwa mkono. Pale Mtae niliunyoosha mkono wangu kumshika, akaupita. Akashika njia ya kushoto bila kumwuliza mtu, tai ikipeperuka, akaruka kijito mahali ambapo mimi nilipita kwa kukaa. Nilimfuata nikiwa na masanduku mawili na mawazo mengi. Mtu huyu ambaye hakujua jina langu aliijua kila jiwe.

Shangazi Marta, dada yake baba, alitupokea mlangoni. Alimkumbatia kaka yake, akalia, akamsukuma nyuma kidogo amtazame, akalia tena. Baba alimwangalia kwa adabu ile ile ya posta, kisha akaanza kuimba.

Shangazi akanyamaza kulia ghafla. "Wimbo huo kautoa wapi?"

"Nilitaka kukuuliza wewe, shangazi."

"Mimi siujui," alisema upesi mno, akaenda kuangalia maharage ambayo hayakuwa motoni.

Balozi wa nyumba kumi alikuja kuandika majina ya wageni, kama ilivyokuwa kanuni siku zile za kijiji cha ujamaa. Alipouliza shughuli ya mgeni, shangazi alimtazama kaka yake akasema, "Andika: anaimba."

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Shangazi aliniambia kwamba mchana bendi ya matarumbeta ya kanisa itafanya mazoezi ya sikukuu ya mavuno, Jumapili. Baba mwenyewe aliwahi kuwa mpigaji katika bendi hiyo zamani za Mwingereza, na tarumbeta ndilo lililompeleka Tanga. Hilo nilikuwa nikilijua. Lilikuwa miongoni mwa ile mistari michache iliyonyooka. Nikamchukua.

Kanisani tuliwakuta wapigaji wanane, wanawake wa kwaya, mchungaji kijana aliyehamia mwaka ule, na kiongozi wa bendi, mzee Stefano, tarumbeta lake kwapani. Mzee Stefano alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye miwani na heshima nyingi. Alikuwa amecheza na baba utotoni.

"Shikamoo, baba," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Yohana! Yohana ndugu yangu!" Akamshika baba mikono yote miwili. Baba akamwimbia.

Niliona rangi ikimtoka mzee Stefano. Nilimwuliza kama anaweza kuupiga wimbo ule, kwa kuwa nimesafiri kutoka Tanga kwa ajili yake.

"Hatuujui," alisema.

"Mnaujua sana," sauti ilisema mlangoni.

Aliyesema alikuwa mzee mfupi mpana, mkungu wa ndizi begani, sadaka ya mavuno aliyoleta mapema. Huyo ni mzee Elia, mfuga nyuki. Alitua ndizi zake taratibu. "Huo ndio ulionifukuzisha katika bendi hii. Miaka arobaini na ushei. Upigeni, Stefano. Mtoto wa watu ametoka mbali."

Mchungaji, ambaye hakujua lolote, alisema ni wazo zuri, maana ule ni wimbo mzuri wa sifa. Mzee Stefano alinyanyua mkono kama mtu anayenyanyua jiwe. Matarumbeta yakaanza.

Sijui kama umewahi kusikia matarumbeta manane ndani ya kanisa dogo la mawe. Sauti haiingii masikioni, inaingia kifuani. Baba alisimama. Mgongo wake ukanyooka, kidevu kikapanda, na baba yangu, ambaye hakuwa ametamka neno moja kwa mwaka mzima, akafungua kinywa akaimba maneno, safi, kila silabi mahali pake. Aliimba kwa Kishambaa. Ninayaandika hapa kwa Kiswahili, ingawa yamepungua makali njiani:

"Mwalimu wetu wa soksi,
miguu kama mabua;
kala viazi vya mbuzi,
tumbo likamsumbua!"

Mwanamke mmoja wa kwaya akatoa sauti kama sufuria inayochemka na kifuniko chake, na kanisa lote likalipuka. Wapigaji wawili waliacha kupiga kwa kucheka. Mchungaji alitazama dari.

Baadaye nilielezwa yote. Zamani hizo bendi ilifundishwa na mwalimu mmoja wa Kizungu, mwenye soksi ndefu mpaka magotini na mwili mwembamba, ambaye siku moja alikosea akala viazi vilivyochemshiwa mbuzi mgonjwa. Vijana wa bendi wakapachika maneno yao katika muziki wa sifa. Kila walipoupiga kanisani kwa adabu, mioyoni mwao walikuwa wakiimba soksi. Hayo ndiyo maneno baba aliyokuwa akiyatafuta ndani ya basi, wale akina mama wakimletea ya Bwana.

Lakini pale nilikuwa sijui hayo. Nilikuwa nalia na kucheka. Baba aliingia ubeti wa pili, ambao siuandiki kwa kuwa mchungaji yule sasa ni rafiki yangu. Mzee Elia alikuwa akicheka kuliko wote, akijipiga mapaja. Mzee Stefano peke yake hakucheka. Alikuwa akipunga mkono, bendi isimame, na bendi ilikuwa imekolea.

Ndipo baba akaimba ubeti wa tatu:

"Ukiuliza mtunzi,
mimi jina silitaji;
mseme yule Elia,
kichwa chake ni cha maji!"

Matarumbeta yaliacha moja moja. Wa mwisho alikuwa kijana wa besi, ambaye alipiga peke yake kwa muda kidogo, kisha naye akaona aibu.

Mzee Elia alikuwa bado ameshika paja. "Ubeti huo," alisema polepole, "mimi sijapata kuusikia." Akamtazama mzee Stefano. "Wewe unaujua?"

Mzee Stefano alivua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Mzee Elia hakungoja jibu. Alimsogelea baba, karibu kabisa. "Yohana. Ilikuwa utani, au ulikusudia?"

Baba alimtazama kwa furaha. Kisha akajibu kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Akaanza tena ubeti wa kwanza.

Mzee Elia aliuchukua mkungu wake wa ndizi, akaurudisha begani, akatoka.

Jioni ile, kabla ya chakula, mzee Stefano alikuja kwa shangazi. Alikaa kwenye kigoda.

"Sare zilikuwa nane," aliniambia. "Nyeupe, na vifungo vya shaba. Bendi ilikuwa imealikwa kupiga Tanga. Baba yako alikuwa wa tisa, akiba. Mwalimu akausikia wimbo, akatukusanya, akauliza ni nani aliyetunga. Yohana, mtunzi mwenyewe, akasema, Elia. Elia akafukuzwa siku ile ile, na sare yake ikamtosha Yohana kama aliyepimwa yeye."

"Na wewe ulikuwa ukiujua ubeti wa tatu."

"Tulikuwa tukiuimba mtoni. Elia alikuwa haji mtoni, alikuwa anaogopa maji. Tulikuwa watoto, mwanangu. Na baadaye tukawa wazee wa kanisa. Sikuona pa kuanzia."

Shangazi, aliyekuwa akimenya viazi, alisema bila kuinua macho, "Mimi nilikuwa nikisimama kwenye mti kuwalindia nguo. Niliusikia wote." Hata yeye!

Baada ya mzee Stefano kuondoka nilikaa nje nikafikiri. Baba alikwenda Tanga kwa sare ile. Tanga ndiko alikopata kazi ya reli. Reli ndiyo iliyomwoza mama yangu, binti wa fundi wa karakana; reli ndiyo iliyonisomesha mpaka nikajua kupiga chapa kwa vidole kumi. Kila kidole changu kilikuwa kimetoka katika uongo mmoja wa mvulana aliyetaka vifungo vya shaba. Nilimtazama baba, ameketi kibarazani na tai yake, mstaafu mwaminifu wa miaka thelathini. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kumpiga kofi, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani ningekuwapo mtoni nikamsikia.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa mzee Elia. Nilimkuta akikarabati mzinga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kama umekuja kuniomba radhi, usiniombe. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Nimekuja hata hivyo."

Alitoboa gogo kwa muda, kisha akaweka chombo chini. "Mke wangu amekufa akiamini nilitunga uchafu ule," alisema. "Baba yake alinizungusha miaka mitatu kabla hajanipa binti. Kila nilipokataa, watu walisema, tazama, na uongo juu yake! Hilo linauma. Lakini kuna jambo jingine, na hili usimwambie Stefano. Nilipochoka kukataa, nilikubali. Na nilipokubali, nikapendwa! Kwenye harusi zote huku juu, watu walikuwa wakininong'oneza, mzee Elia, tupe ule wa soksi. Nilikuwa mtunzi, mwanangu. Miaka arobaini nimekuwa mtunzi mashuhuri. Jana baba yako amesimama kanisani na kuninyang'anya hata hilo."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilijaribu kuzuia kicheko, nikashindwa, na nilipoinua macho nikaona mabega yake nayo yanatikisika.

"Nifanye nini, baba mdogo?"

"Kwanza, nataka kumsikia akiimba ule wa tatu mara kumi. Niuzoee. Pili, namtaka Stefano anipe tarumbeta lake Jumapili. Niliambiwa nitapiga kwenye sikukuu kule Tanga, na sikupiga."

Alikuja kwa shangazi siku hiyo hiyo na siku iliyofuata. Alikuwa akikaa mbele ya baba, anamwanzishia, baba anaimba mpaka ubeti wa tatu, na mzee Elia anasikiliza kichwa kimeinama. Mara ya kwanza alikunja uso. Mara ya nne alisema, "Hapa kwenye 'kichwa cha maji' amepatia." Mara ya saba alikuwa akiimba naye. Baba akilala, alikuwa akifanya mazoezi ya tarumbeta la kuazima nyuma ya zizi, na shangazi alipata maziwa nusu.

Jumapili kulikuwa na jua na upepo. Baada ya ibada watu walikusanyika nje kwa mnada wa mavuno: maboga, miwa, kuku waliofungwa miguu, na mkungu wa ndizi wa mzee Elia, uliokuwa umerudi. Mzee Stefano alisimama mbele ya watu wote. Nilidhani atatafuta maneno ya kuzunguka. Alisema, "Elia hakutunga wimbo. Mimi nilijua, nikanyamaza. Leo atapiga mahali pangu." Akamkabidhi tarumbeta, akaenda kukaa na watoto.

Ningependa kuandika kwamba mzee Elia alipiga vizuri. Miaka arobaini alikuwa amemwambia kila mtu kwamba angekuwa tarumbeta la kwanza la milima yote. Alijaza mashavu, akafumba macho, akapuliza. Sauti iliyotoka sijaisikia tena tangu siku ile, nami nimewahi kuishi karibu na bandari. Kuku walikata kamba. Mtoto alilia, wa pili akamfuata. Bendi ilijitahidi kumzunguka kama watu wanaopita kando ya ng'ombe aliyelala njiani. Mchungaji alirudi kutazama juu, safari hii mawinguni. Na mzee Elia alipiga, machozi yakimtoka, bila kukoma.

Nilihisi kitu kimetikisika kando yangu. Baba alikuwa amesimama. Uso umekunjamana, mkono wake ule dhaifu umenyooka mbele.

"Midomo, Elia!" alisema. "Midomo! Unabusu mbuzi?"

Hakuimba. Alisema. Kwa sauti yake, ile ya ofisini, ambayo nilikuwa nimekwisha izika.

Bendi ilisimama. Mzee Elia aliondoa tarumbeta kinywani. "Nifanyeje?" aliuliza, kwa unyenyekevu wa mwanafunzi.

"Bana. Bana! Pumzi ya chini, si ya mashavu." Baba alimfikia, akamshika midomo kwa vidole viwili, mbele ya usharika mzima, akaibana. "Haya. Tena."

Alipiga tena. Ilikuwa mbaya vile vile. "Hovyo!" baba alisema, ameng'aa uso mzima. "Hovyo kabisa! Tena!"

Matarumbeta manane yaliyopigwa sawasawa yalikuwa yamempa wimbo wake. Noti moja mbovu ilimpa maneno.

Wiki ya pili ilikwisha upesi. Baba hakupona kama watu wanavyopona katika hadithi. Alikuwa na maneno ishirini hivi, karibu yote ya kugomba, na yote yalihitaji tarumbeta la mzee Elia ili yatoke. Hakujua kwamba mama amekufa, hakujua reli. Lakini kila asubuhi alivaa tai akangoja mwanafunzi wake, na kumngoja mtu ni jambo ambalo Tanga hakuwa nalo. Nikaamua kumwacha kwa shangazi.

Siku ya kurudi walinisindikiza mpaka Mtae, baba na mzee Elia wakiwa mbele wakigombana. Lori lilipowashwa nilishikwa na uchungu. Nilimshika baba bega nikamwimbia, pale barabarani, mbele ya magunia ya viazi na watu wake, ubeti wa soksi. Siimbi vizuri, shuleni mwalimu alikuwa akiniomba nifungue kinywa tu.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mzee Elia. "Huyu binti," alisema, "anaimba kama wewe unavyopiga."

"Ni mwanao," mzee Elia alimwambia.

Baba alinitazama tena, safari hii si kwa adabu. Alinitazama kama mtu aliyepewa kazi ngumu. "Bana pumzi," aliniambia.

Nilishuka milima nikiwa nimebana pumzi mpaka Mombo, maana nikiiachia tu ningelia mbele ya watu. Tanga nilifika usiku. Bi Mwanahawa alinipokea, akauliza mgonjwa yuko wapi, nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema nyumba itakuwa kimya sana.

Ilikuwa kimya kweli. Nilikuwa nimekwenda milimani ili baba anijue mimi. Hilo halikutokea, au lilitokea nusu. Lililotokea ni kwamba mimi nilimjua yeye: mvulana mwongo, mwenye kipaji na tamaa ya vifungo, aliyekuwa amefichwa chini ya karani miaka yote hiyo. Nadhani muziki haukuchagua kumrudishia yaliyo mema. Ulimrudishia yaliyokuwa na uhai. Ninampenda karani. Lakini huyu wa pili ndiye ninayemkosa.

Juzi nimepata barua ya shangazi Marta. Anasema mvua ni nzuri, na mzee Elia sasa ana noti tatu. Anasema pia kwamba kaka yake ametunga ubeti mpya, wa nne, wa siku hizi hizi, na kwamba unanihusu mimi na uimbaji wangu, lakini hawezi kuuandika kwa sababu yeye ni katibu wa akina mama wa kanisa.

Nimejaza fomu nyingine ya likizo. Mahali pa sababu, safari hii, nimeandika ukweli.